Sahihi Mnazozihitaji Kabla ya Kumwona Mwekezaji

Waanzilishi wa kampuni changa wanaokuja ofisini kwangu kabla ya kukutana na mwekezaji karibu wote wana hofu moja: kwamba mwenye fedha atawapora kampuni yao. Wanaleta rasimu ya mkataba wake, wanataka niwaoneshe mtego uko ukurasa gani. Hofu hiyo si ya bure, maana mikataba mibaya ipo. Lakini mara nyingi hatari kubwa zaidi inakuwa imeshakaa ndani. Kampuni inakosa fedha, au inazipata kwa masharti ya kuumiza, kwa sababu waanzilishi wenyewe hawawezi kuthibitisha kwa maandishi mambo matatu: nani anamiliki kampuni, nani anamiliki kitu walichokitengeneza, na kama sheria inawaruhusu kuifanya biashara hiyo. Msimamo wangu ni kwamba mkataba wa kwanza ambao mwanzilishi anapaswa kuupigania si ule wa mwekezaji. Ni ule anaoandikiana na wenzake, nao uandikwe kabla jina la mwekezaji yeyote halijatajwa.

Mwekezaji hanunui wazo. Ananunua hisa, na hisa ni haki ya kisheria ndani ya kampuni iliyosajiliwa. Thamani yake inategemea kampuni hiyo inamiliki nini, na nani mwingine ana dai juu yake. Ndiyo maana baada ya mazungumzo mazuri na hati ya masharti kusainiwa, wanakuja mawakili wake kufanya ukaguzi wa kina. Wanaomba cheti cha usajili, katiba ya kampuni, daftari la wanahisa, mihtasari ya vikao, mikataba ya wafanyakazi, leseni, nyaraka za Mamlaka ya Mapato (TRA). Wakikuta pengo, wanawaambia mlizibe ndipo fedha zitoke. Sasa, mapengo mengi ya aina hii huzibwa kwa sahihi ya mtu fulani, na mtu huyo akishajua kuna mamilioni mezani, sahihi yake haipatikani tena kwa bei ya zamani. Karatasi ambayo Januari angeisaini bila swali, Juni anataka kwanza aongee na wakili wake. Hamjafanyiwa hila yoyote. Mmechelewa tu, na kuchelewa huko kuna gharama.

Tuwachukue vijana wawili wa kufikirika, Neema na Baraka, wa Mwanza, wenye programu ya simu inayowaunganisha wafugaji wa samaki wa vizimba na wauzaji wa chakula cha samaki. Walisajili kampuni kupitia kijana wa steshenari aliyewajazia fomu kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na kuwachapia katiba ya kunakili, ile inayosema kampuni itajihusisha na biashara ya jumla, ujenzi, utalii na usafirishaji. Hisa 10,000: Neema 4,500, Baraka 4,500, na 1,000 za kaka yake Baraka, aliyewalipia ada ya usajili akaambiwa “tumekuweka humo”. Toleo la kwanza la programu liliandikwa na rafiki yao Musa. Walimtumia laki nne kwa M-Pesa na ahadi kwamba mambo yakikaa sawa hatasahaulika. Baada ya miezi minane Baraka akapata ajira serikalini, akahamia Dodoma. Neema akabaki, akaisukuma kazi miaka miwili bila mshahara. Leo mfuko mmoja wa uwekezaji uko tayari kuweka shilingi milioni 100 kwa asilimia 20.

Mwekezaji akifungua daftari la wanahisa anakuta anayeendesha kampuni ana asilimia 45, aliyeondoka zamani ana asilimia 45 ileile, na mtu asiyejua hata biashara inahusu nini ana asilimia 10. Azimio la kawaida Neema halipitishi bila mmoja wao. Azimio maalumu, ambalo ndilo hubadilisha katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu ya kura, kwa hiyo halipiti bila Baraka hata kaka mtu akikubali. Na programu yenyewe, ambayo ndiyo mali pekee ya maana, hakuna karatasi inayosema ni ya kampuni. Hapo hakuna mwizi wala mkorofi. Kila mmoja alifanya kwa nia njema, na mkusanyiko wa nia njema hizo unatosha kumfanya mwekezaji makini afunge faili.

Dawa ya tatizo la Baraka inajulikana dunia nzima: hisa za mwanzilishi zipatikane kwa kuzifanyia kazi. Utaratibu uliozoeleka ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ni wa kupimana. Anayeondoka kabla ya mwaka kwisha haondoki na hisa, na baada ya hapo anazipata kidogokidogo kila mwezi. Kwa utaratibu huo Baraka wa miezi minane angeondoka na heshima yake na shukrani, bila hisa. Angekaa miaka miwili kamili, angebaki na 2,250, nusu ya alizoandikiwa, na ingekuwa haki yake. Sheria yetu ya Makampuni, Sura ya 212, haina kifungu kinacholeta utaratibu huu wenyewe. Mnaujenga kwa mkataba wa wanahisa unaosema mwenzenu akiondoka nani anazinunua hisa ambazo hajazifanyia kazi, kwa bei gani, ndani ya siku ngapi, na hati za uhamisho zinasainiwa mapema zikae kwa wakili. Msisahau kwamba uhamisho wa hisa haukamiliki kwa kupeana mikono: TRA lazima wakadirie kodi, kisha BRELA wabadilishe kumbukumbu. Anayefikiri ataweza kuyafanya hayo katika wiki mbili za ukaguzi wa mwekezaji atajikuta anaomba kuongezewa muda, na fedha za wawekezaji hazina subira.

Jambo moja hapa hukosewa hata na mawakili wenzangu. Mkataba wa wanahisa unawafunga waliousaini tu, ilhali katiba ya kampuni inamfunga kila mwanahisa, hata anayeingia baadaye. Mkiandika mkataba mzuri na kuiacha katiba ya steshenari ilivyo, siku hati hizo mbili zikigongana mtakuwa mmejitengenezea kesi. Zirekebisheni zote pamoja: nani ana haki ya kwanza ya kununua hisa zinazouzwa, mwanahisa akifariki warithi wake wanaingia vipi, na wenye kura sawa wakishindwa kukubaliana nani anavunja mkwamo. Mgawanyo wa nusu kwa nusu siupingi kama wengine wanavyoupinga. Ninachopinga ni nusu kwa nusu isiyo na njia ya kutokea pale mnapokwama.

Vijana wengi wenye Musa wao hunijibu: “Lakini Musa hatukuandikiana naye, kwa hiyo hana chake.” Hili ndilo kosa linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu sheria inasema karibu kinyume chake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila mkataba uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo yanaweza kufunga, na meseji za WhatsApp zinaweza kuwa ushahidi wake. Isitoshe, sheria hiyohiyo ndiyo yenye kanuni za ubia. Watu wawili wanaofanya biashara pamoja kwa lengo la faida, hata kama wana jina la biashara tu, wanaweza kuhesabiwa wabia, na pasipo makubaliano mengine wabia hugawana sawa. Kwa hiyo kutoandikiana hakumfuti Musa. Kunamwachia nafasi ya kudai chochote, nanyi mnabaki bila karatasi ya kumjibu. Marekani kampuni ya Snap ilipokuwa inaingia soko la hisa mwaka 2017 ilitoa taarifa kwamba ilikubali kumlipa Reggie Brown, aliyekuwa chuoni na waanzilishi wake wakati Snapchat inaanza, dola milioni 157.5 kumaliza madai yake. Kampuni ile ilikuwa na uwezo wa kulipa. Ya Neema haina.

Kuhusu hakimiliki, kanuni ya kuanzia ni kwamba haki huanzia kwa mtunzi, yaani aliyeketi akaandika programu. Malipo peke yake hayathibitishi kwamba haki zote zimehama. Kama Musa si mwajiriwa, kinachohitajika ni hati ya kuhamisha haki, ya maandishi, yenye sahihi, inayotaja kazi aliyoifanya na kusema wazi kwamba haki zote za kiuchumi zinakwenda kwa kampuni. Hati hiyohiyo waisaini na waanzilishi wenyewe, kwa sababu walichokiandika kabla kampuni haijazaliwa hakikuweza kuwa cha kampuni. Kama mmoja wenu aliandika sehemu ya programu akiwa ameajiriwa benki, kwa kompyuta ya benki, au akiwa chuo chenye sera ya haki miliki, someni mkataba wake wa ajira na sera hiyo leo, msimwachie wakili wa mwekezaji awe wa kwanza kuisoma. Halafu kuna vitu vidogo ambavyo huzua ugomvi mkubwa: jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, akaunti ya duka la programu za simu iko kwa jina la nani, nywila ya hifadhi ya msimbo anayo nani. Nimeona mazungumzo ya uwekezaji yakisimama kwa sababu akaunti iliyokuwa na watumiaji wote ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu aliyekwishaondoka na hapokei simu.

Alama ya biashara nayo isingoje. Kusajili jina la kampuni hakuwapi alama ya biashara, ni daftari tofauti. Tanzania Bara alama hulindwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili wa Bara hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA. Anayeuza Unguja, Kenya au Uganda akiwa na cheti cha Dar es Salaam tu, huko kwingine hana kitu mkononi.

Nirudi kwenye hesabu, maana hapa watu hupoteza bila kujua. Mwekezaji anayetaka asilimia 20 kwa milioni 100 hanunui hisa 2,000 za Neema. Kampuni inatoa hisa mpya 2,500, jumla inakuwa 12,500, na 2,500 kati ya hizo ndiyo asilimia 20. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya kampuni. Kampuni inahesabiwa kuwa ilikuwa na thamani ya milioni 400 kabla ya fedha na milioni 500 baada yake, na kila mwanahisa wa zamani anapungua kwa uwiano uleule, Neema kutoka 45 hadi 36. Mwanzilishi anayeuza hisa zake mwenyewe amefanya jambo jingine kabisa: fedha ni zake, kodi ni yake, na kampuni haikupata hata senti ya kukua. Muulize mwekezaji mapema ni lipi kati ya hayo analokusudia. Na msijifariji na ile asilimia 51 inayosemwa kila mahali. Mbali na robo tatu ya azimio maalumu, mkataba wa mwekezaji kwa kawaida huwa na orodha ya mambo yasiyofanyika bila idhini yake: kukopa, kuuza mali kubwa, kutoa hisa mpya, kumwondoa mkurugenzi. Orodha hiyo, pamoja na idadi ya viti kwenye bodi, ndiyo inayoamua nani anaongoza. Isomeni neno kwa neno.

Siku hizi mwekezaji wa mwanzo huleta SAFE, hati ya kutoa fedha sasa kwa ahadi ya hisa baadaye, iliyobuniwa na Y Combinator ya Marekani mwaka 2013 na kubadilishwa 2018. Ni fupi, haina riba, haina tarehe ya kurudisha fedha, na ndiyo sababu waanzilishi huipokea kama fedha ya bure. Si ya bure. Katika toleo la 2018, anayetoa milioni 100 kwa kikomo cha thamani cha bilioni moja ameshajihakikishia asilimia 10. Mkipokea nyingine ya milioni 150 kwa bilioni moja na nusu, na ya tatu ya milioni 200 kwa bilioni mbili, kila moja ni asilimia 10, na hazipunguzani zenyewe kwa zenyewe. Waanzilishi ndio wanaobeba zote. Mmebaki na 70 kabla ya duru halisi ya kwanza; akija mwekezaji wa asilimia 20 mnashuka hadi 56, na bado hamjatenga hisa za wafanyakazi. Siwakatazi kuipokea. Ninachodai ni kwamba kabla ya kusaini kila SAFE muwe na jedwali la umiliki linaloonesha mtabaki na nini zikishabadilika zote kuwa hisa, na muwe na katiba inayoruhusu hisa hizo kutolewa. Hati ya mkopo unaogeuka hisa ni jambo jingine: mkopo kutoka nje wenye muda wa zaidi ya mwaka mmoja unatakiwa kuandikishwa Benki Kuu kupitia benki yenu. Msipoandikisha, mtapata taabu siku ya kupeleka fedha nje.

Kuna imani nyingine inayokua haraka, kwamba dawa ya yote ni kufungua kampuni Delaware, jimbo la Marekani. Kwa baadhi ya kampuni ni hatua sahihi, kwa sababu wawekezaji wa Marekani wanaifahamu sheria ya kule. Lakini kampuni ya Delaware haisafishi mambo ya Mwanza. Hisa za kampuni ya hapa lazima zihamishiwe kule, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huiangalia kampuni ambayo umiliki wake umebadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu kana kwamba imeuza mali zake, isipokuwa pale msamaha unapohusika. Mkifanya uhamisho huo mapema, kampuni ikiwa haina thamani kubwa, kodi inaweza kuwa ndogo. Mkiufanya baada ya kupata bei ya mwekezaji, mmempa afisa wa TRA namba ya kufanyia hesabu. Baraka, kaka yake na Musa watawafuata Delaware pia.

Leseni nitazipitia kwa ufupi, ingawa zimeua kampuni nyingi. Septemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya maombi 288 ya wakopeshaji wa kidijitali ilikuwa imetoa leseni 10 tu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ukigusa fedha za watu, afya, bima au mawasiliano, muulize msimamizi wa sekta kwa barua, ulitunze jibu lake. Na karibu kila programu ya simu hukusanya taarifa za watu: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; Kenya wana yao ya 2019. Taarifa za mwaka za BRELA, wamiliki manufaa, kodi ya mishahara na michango ya NSSF ni mambo ya kawaida ambayo mhasibu makini huyamaliza. Mkiyaacha yalundikane yanageuka faini, na mwekezaji huikata kwenye bei.

Kuhusu mkataba wa siri ambao kila mwanzilishi anataka mwekezaji ausaini kabla hajaoneshwa wazo, ushauri wangu ni kuuacha. Wawekezaji wengi hukataa kuusaini katika kikao cha kwanza, kwa sababu wanaona mawazo yanayofanana kila wiki. Nguvu hiyo ipelekwe kwa wafanyakazi na wakandarasi wenu. Hao ndio wanaoona msimbo na orodha ya wateja.

Nini kifanyike? Vituo vya kulea kampuni changa, kikiwemo Buni pale Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), vina nguvu ambayo mawakili hatuna: vinaweza kudai mkataba wa waanzilishi uliosainiwa kabla ya kuipandisha timu jukwaani mbele ya wawekezaji. Chama cha Mawakili Tanganyika kingefanya jambo kubwa kikiandaa mfano wa mkataba huo kwa Kiswahili, watu wausome bila mkalimani. Mkataba wa Kiswahili ni halali sawasawa na wa Kiingereza, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Sioni sababu ya vijana wawili wanaojadili kila kitu kwa Kiswahili kusaini makubaliano yao makubwa kuliko yote kwa lugha ambayo mmoja wao anaisoma kwa kubahatisha.

Nawe ndugu msomaji, kama una miadi na mwekezaji mwezi ujao, anza wiki hii. Omba BRELA taarifa rasmi ya kampuni yako, usome majina yaliyomo na idadi ya hisa kwa kila jina. Orodhesha kila mtu aliyewahi kugusa programu, nembo au orodha ya wateja, hata kwa wiki moja, kisha mtafute ukiwa na hati ya kuhamisha haki na malipo mliyokubaliana. Kaa na wenzako, ulizaneni itakuwaje mmoja akiondoka, akiugua, akifariki, akichoka. Majibu yaandikeni, mpeni wakili ayapange, msaini nyote mbele ya shahidi. Mkishamaliza hayo, mtumieni mwekezaji ujumbe kwamba mko tayari kukaguliwa.